Mzamiaji wa Hagsätra

Mzee Onesphore alipoulizwa alikojifunzia kuogelea, alijibu kwa maneno mawili tu, na moja kati ya hayo ndilo lililomponza. Alisema, "Nilikuwa mzamiaji."

Aliyemuuliza alikuwa Flaviana, mzaliwa wa Tanga, mwenyekiti wa umoja wetu wa wazungumzaji wa Kiswahili unaokutana katika ukumbi wa kanisa huko Akalla, Stockholm. Kwa watu wa kwao, mzamiaji ni yule aliyejificha melini akavuka bahari bila nauli wala hati. Flaviana alimshukuru kwa adabu, kisha akaja jikoni tulikokuwa tukipanga vikombe vya chai, akafunga mlango nyuma yake.

"Huyu babu aliingia nchi hii kwa kuzamia," alisema, "na anajisifia."

Neno hilo lilikuja wakati mbaya. Umoja ulikuwa umepewa saa moja ya kila Jumamosi katika bwawa la ndani, ili watoto wetu wajifunze kuogelea kabla shule haijawapima. Mtu mzima aliyekuwa tayari kuingia nao majini alikuwa mmoja tu, naye ni Mzee Onesphore. Kwake yeye, jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko alivyoonyesha. Mkewe, Spéciose, alikuwa amefariki. Kazi yake ya kusafisha ofisi za Sundbyberg ilikuwa imekwisha kwa kustaafu. Na huko Hagsätra alikoishi, hapakuwa na mlango ambao ungebaki umefungwa kwa sababu yeye hakufika. Alipojitolea, alikuwa amekwisha kununua kaptula ya kuogelea.

Tulimfahamu kwa miaka mingi bila kumjua. Mashati yake yalipigwa pasi hadi mikononi. Ukumbini alichagua kiti kinachotazama mlango, na kama kimekaliwa, alisimama. Alipoufunga mlango alikishikilia kitasa mpaka ulimi wake ukae mahali pake, kisha akakiachia polepole. Zaidi ya mmoja wetu aliwahi kugeuka na kumkuta yuko nyuma yake akisubiri zamu ya chai, bila kusikia hatua zake. Mambo hayo tuliyaita upole. Baada ya neno la Flaviana, tuliyatafutia jina jingine.

Jumapili iliyofuata Flaviana alimkabili mbele ya meza ya chai, kwa kuwa hapendi kusema watu bila wao kusikia, isipokuwa jikoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama."

"Samahani kwa swali. Ile meli uliyozamia ilitoka bandari gani?"

"Meli? Sikuzamia ndani ya meli. Nilizamia chini yake."

"Chini ya meli! Ulijishikilia nini?"

"Kamba."

"Mpaka Sweden?"

Mzee Onesphore aliweka kikombe chini, akacheka. Wengi wetu hatukuwahi kumwona akicheka. "Mpaka Sweden nilikuja kwa ndege, Mama, na Spéciose alitapika njia nzima. Kuzamia ni kwenda chini ya maji. Kwenu husema nini?"

"Kwetu husema kupiga mbizi. Mzamiaji kwetu hutafutwa na polisi."

"Basi mimi nilikuwa mpiga mbizi wa jeshi. Kundi la kwanza kabisa katika ziwa letu."

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa bado kinazunguka meza pale Léontine aliposhusha chupa ya chai bila kuifunga. Léontine amezaliwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, kama Mzee Onesphore, lakini upande mwingine. Hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na binti yake, Victoire, alikuwa miongoni mwa watoto waliokwisha kuandikishwa. Hakuuliza jeshi la nchi gani wala la mwaka gani. Kati ya watu wa ziwa lile, mambo hayo hayaulizwi mbele ya chai.

"Endelea, Papa," alisema. "Tusikie."

Naye akaendelea, labda kwa sababu hakuwa amewahi kuombwa. Alisema kwamba vikosi vya namna hiyo, vikishakomaa, huwa na nishani na nyimbo, lakini wao wa mwanzo walikuwa na viraka. Wakubwa waliwachagua watoto wa wavuvi, kwa kuwa askari waliotoka milimani waliyaogopa maji. Suti za mpira walizoletewa zilikuwa zimeshonwa kwa watu warefu. Walizikata miguu wakaziunga kwa gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli, na kila zoezi lilipokwisha walimwaga maji yaliyojaa ndani yake kama mtu anayemimina ndoo. Mkufunzi wao alikuwa mgeni asiyejua lugha yao hata moja. Somo lake la kwanza halikuhitaji lugha. Aliwapa mgongo, akawaacha waingie ziwani mmoja mmoja. Aliyesikika alirudishwa kuchimba mahandaki.

"Nawe hukusikika," alisema Léontine.

"Sikusikika."

Léontine akaifunga chupa ya chai.

Njiani kurudi, katika treni ya mstari wa buluu, Flaviana alijaribu kutuaminisha kwamba suala limekwisha: babu si mzamiaji wa Tanga, ni mzamiaji wa ziwani, na jeshi la zamani ni la zamani. Léontine alitazama dirisha la treni, ambalo chini ya ardhi halionyeshi kitu isipokuwa uso wa anayelitazama. Alisema atampeleka Victoire, ila yeye mwenyewe hatabanduka bwawani.

Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye benchi la kando ya bwawa akiwa amevaa koti lake, viatu vyake vimefunikwa kwa vifuko vya plastiki vya buluu. Watoto walijipanga ukingoni wakitetemeka na kusukumana. Mzee Onesphore alitoka chumba cha kubadilishia nguo, akaketi ukingoni, akaingia majini.

Hapakuwa na sauti. Maji yalimpokea mpaka mabegani na uso wa bwawa ukabaki laini. Watoto waliacha kusukumana. Kisha akawaambia walale chali, masikio ndani ya maji, wasisogeze hata kidole. Wa kwanza kufaulu alikuwa Victoire.

"Huyu hapigi maji," alisema Léontine.

"Si ndiyo sifa?" Flaviana alimjibu kwa kunong'ona. "Wanaume wasiopiga maji hapa Stockholm wamebaki wachache."

Léontine hakucheka. Alikuwa amesimama. "Victoire, toka."

"Varför då, mamma?" Victoire alitaka kujua sababu.

"Toka, miye nimesema."

Mtoto alitoka akinuna. Mzee Onesphore alisogea ukingoni, akaweka mikono yote miwili juu ya vigae, mahali inapoonekana.

"Kwetu walikuja watu usiku," Léontine alimwambia. Sauti yake haikupanda. "Hatukusikia maji. Asubuhi mitumbwi yote ilikuwa pale pale, mizima. Kaka yangu Emery akasukuma wake, akaenda kuvua. Ulianza kujaa maji akiwa mbali, na yeye alikuwa na nyavu miguuni, akazama. Waliouvuta walikuta tundu lililokuwa limezibwa kwa sabuni, nayo imeyeyuka. Sasa niambie, Papa. Weye ulikuwa huko?"

"Ufukwe gani?"

Akamtajia. Mzee Onesphore alifumba macho kama mtu anayepita njia kichwani mwake.

"Huko sikufika."

Flaviana alishusha pumzi. "Unaona, Mama Victoire? Hakufika."

"Lakini kazi hiyo niliifanya," mzee akasema. "Mahali pengine. Kwa sabuni vilevile. Tuliambiwa ni mitumbwi ya waasi."

"Mliwauliza wenyewe?"

"Hatukuuliza. Nilipoanza kuuliza, ndipo nilipolazimika kukimbia."

Flaviana, ambaye angepokea kwa furaha uongo wowote mfupi, alikaa benchini. Mlinzi wa bwawa aliye kijana wa Kiswidi alitutazama, akadhani tunajadili joto la maji, akaja kutuhakikishia kwamba ni lile lile la kila siku. Mzee Onesphore aliinua mguu kwenye ngazi ya bwawa.

"Nitavaa niende," alisema. "Mtatafuta mwingine."

"Mwingine hayupo," alisema Léontine. "Ningekuwa naye, ungekuwa umeshaondoka." Alimtazama binti yake, aliyejifunga taulo na kutetemeka, kisha akayatazama maji. "Miye leo simsamehe mtu, usingoje hilo. Lakini hayo ya kulala kimya usiwafundishe watoto wetu. Mtoto akizama hapigi kelele, hakuna anayejua. Wafundishe kupiga maji. Wayapige mpaka miye niwasikie hapa."

Mzee Onesphore alishuka tena. Aliinua viganja vyake juu ya maji, akavishusha, na kilichosikika kilikuwa kidogo kama mtu anayepiga gunia la unga. Alijaribu tena. Mwili wake ulikuwa ukikataa. Kiganja kilijigeuza chenyewe kabla ya kufika, kikaingia kwa ubavu.

"Högre, babu!" mmoja wa watoto alimwambia, akimtaka aongeze sauti, na wenzake wakadakia wakicheka. "Högre!"

Akapiga. Maji yakaruka juu ya ukingo, yakafika kwenye vifuko vya buluu vya Léontine. Watoto wote wakamfuata, na ukumbi wote ukajaa kishindo. Léontine hakusogeza miguu. Baada ya muda alimvua Victoire taulo, akamwacha ashuke upande wa kina kifupi.

Somo hilo linaendelea hadi sasa. Kila Jumamosi Léontine huketi benchi lile lile, koti mwilini, simu ikiwa mfukoni. Mzee Onesphore hamsemeshi, naye hamsalimu. Lakini kishindo cha watoto kinapopungua, Léontine huinua kichwa. Na Mzee Onesphore, bila kugeuka kumtazama, huinua mkono akayapiga maji.