Picha Aliyonikataza

Nilikwenda Kidichi kumpiga picha dada wa marehemu bibi yangu, ajuza aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya udongo tangu alipofiwa na mumewe. Nilikuwa natayarisha maonesho Mji Mkongwe, picha za wazee wasio na mtu nyumbani, na yeye nilimtaka hivyo hivyo: peke yake.

Nikamkuta kajaza watu. Mkeka mpya umetandikwa uani, birika la kahawa katikati, na majirani wanne wamevaa kanga zilizotolewa sandukuni. Mwenyewe kajipaka wanja.

"Bibi, nilikwambia nnakutaka wewe tu," nilisema, hasira zishanipanda.

"Mjukuu wangu, mwanangu ananitaka nihamie kwake mjini. Akiona kwenye picha kama nna watu wangu, ataniwacha kwangu. Piga."

Nikapiga, nimenuna. Kila nikiinua kamera wote wanakakamaa kama wanaopigwa picha za pasi ya kusafiria. Nikiwaambia wacheke, ndiyo kwanza wanakaza mashavu. Mwanga mzuri wa asubuhi ukaniponyoka huku nalazimishwa kunywa kahawa!

Majirani walipokwenda zao, bibi aliinama kuosha vikombe, wanja umeshamvujia, nyuma yake ukuta uliomeguka. Nikabonyeza.

"Hiyo usimwoneshe mtu," alisema bila kugeuka.

"Sawa, bibi."

Ndiyo niliyoitundika mlangoni mwa maonesho, kubwa kuliko zote. Watu walisimama mbele yake wakifuta machozi, nami nikapokea pongezi kifua mbele. Nilijiambia bibi hashiki simu, atajuaje? Lakini mwanawe anayo simu, na picha ilimfikia.

Wiki hiyo hiyo alikwenda Kidichi na gari kumchukua. Jirani mmoja alinihadithia: "Kalia mtu mzima yule. Kasema hakujua kama mamake yu katika hali ile. Bibi kamwambia sivyo, lakini nani wa kumsikiliza?"

Mwanawe si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimetafuta wa kumlaumu nikajikuta mwenyewe.

Nilikwenda kumtazama bibi huko mjini kwa mwanawe, ghorofa ya tatu. Alikuwa kwenye kochi, kavaa safi, wajukuu wamemzunguka, televisheni inapiga kelele. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akavuta kanga akajifunika uso, na hakujifunua mpaka nilipoondoka.