Tantine alinifunika na kikwembe yake, na mimi niko muzima

Leo nimekufa mbele ya batu bengi, na ni tantine yangu, dada ya mama, njo alinifunika.

Ngoja nieleze. Sisi ba kanisa ya Mormoni tulifanya mchezo mukubwa ku kiwanja ya mupira, hapa Butembo. Ni historia ya mu maandiko yetu: batu banazika silaha zao mu udongo, banaapa kama habataua tena mutu. Kisha maadui banakuya. Bale banapiga magoti, banaomba tu, na banauliwa vile.

Mimi nilikuwa kati ya bale ba kupiga magoti.

Tantine Kavira ni Mukatolika. Nilimualika ili apumzike kidogo na mawazo. Alikimbia kutoka kijiji ya Eringeti siku ile waasi balimuua mutoto wake Paluku mu shamba.

Maadui balipotokea na mapanga ya mbao, nikasikia sauti ya tantine akiniita: "Kambale, simama. Kimbia."

Batu bakacheka. Hata mimi kicheko ilinishika, lakini nikaanguka, juu njo kazi nilipewa.

Tantine akaingia mu kiwanja. Akafungua kikwembe yake ya pili, ile kitenge ya kujifunga juu, akanifunika mupaka ku uso.

Kicheko ikaisha.

Nikamwambia pole pole: "Tantine, niko muzima. Ni mchezo."

"Najua. Lala tu. Paluku, hapana mutu alimufunika."

Mchezo ilipoisha, benzangu baliamka kwa kuimba. Mimi nikabakia chini.

Kikwembe iko hapa ku nyumba. Bandugu, nimurudishie nikisema nini?