Wanawake Saba Nyumbani kwa Karani wa Mizigo

Mwalimu alipanda ngazi zangu hapa Huruma hadi ghorofa ya nne, akipumzika mara tatu njiani. Nilizihesabu kwa mlio wa viatu vyake. Ni mwalimu mstaafu wa Buruburu, tunasali kanisa moja, na tangu aache chaki anaandika vitabu vyembamba vya maisha ya watu majasiri. Ninavyo vitatu. Mjukuu wangu wa kike ndiye hunisomea, kwa sababu mimi shule nilifika darasa la tatu nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu.

Safari hii alikuwa na kitabu cha mmisionari. Si Mzungu. Ni binti wa Makongeni, wa nyumba za reli tulikokulia, aliyesomea uuguzi akaenda kutibu watu Kongo wakati wenye nchi walikuwa wanaikimbia. Alikaa huko mpaka nywele zikawa nyeupe, na huko ndiko alikozikwa. Mwalimu alitaka kujua alivyoondoka, na nani walikuwepo.

"Shosho," akaniambia, maana hapa kila nyanya huitwa Shosho, "wanasema wewe husahau chumvi kwenye mboga, lakini jina la mtu hujawahi kusahau."

Nikamwambia hiyo ya chumvi ni daktari aliyenikataza. Ya majina ni kweli. Hapa lakini sitataja hata moja; yako kitabuni, na wenye majina wana wajukuu wanaopenda kesi.

Basi nikamsimulia. Baba ya yule binti alikuwa karani wa mizigo pale stesheni, na alikataa katakata. Alikuwa amempatia mchumba, fundi wa reli mwenye redio. Ndipo wanawake saba wa kanisa wakaamua kwenda kukaa kwake. Walikuja saa ya chai, na sufuria yao ya uji na sweta zao za kufuma, maana mgeni aliyekuja na uji wake huwezi kumfukuza kwa njaa. Hawakugombana naye. Walikaa tu. Kesho yake wakarudi, wakakaa. Waume zao nao wakaja, lakini wao waliketi upande wa karani, wakanywa chai yake na kutikisa vichwa.

Siku ya tatu mama yangu, mmoja wa wale saba, akaweka sindano chini. Nilikuwa mlangoni na mdogo wangu mgongoni, nikamsikia vizuri.

"Baba," alimwambia karani, "wewe kila siku unapeleka Kampala mizigo ya watu usiowajua. Mungu ana mzigo mmoja tu, nawe umeufungia stoo?"

Karani alicheka mpaka akashika ukuta. Binti akaenda.

Mwalimu aliandika yote, nami nikampa majina saba, majina ya wanawake wenyewe, alivyoomba. Baada ya miezi kadhaa akaniletea karatasi, nizisikie kabla hazijaenda kwa mpiga chapa Jumatatu. Mjukuu akasoma. Uji upo, sweta zipo. Akafika kwenye majina, nami nikawa nahesabu kwa vidole. Sita. Nikamwambia arudie. Sita.

Mama yangu hakuwepo. Maneno yake yalikuwepo, lakini yalikuwa yametoka kwa mdomo wa mwingine, yule "aliyeongoza kwaya". Mama yangu hakuweza kuimba hata akiwa peke yake.

Kosa lilikuwa hivi. Mama na binamu yake, huyo wa kwaya, walizaliwa na ndugu wawili wa kiume, kila mmoja binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo jina moja, watu wawili, tena wakaolewa na watu wa reli na kukaa laini moja ya nyumba. Mwalimu alipokuta jina limejirudia akadhani ni yeye amelirudia, akalikata kwa mstari. Na yeye mwenyewe, mniambie, amepewa jina la nyanya yake. Lakini kalamu nyekundu haina ukoo.

Nilimpigia simu nikamwambia mama yangu ametolewa kitabuni na Jumatatu iko karibu. Alipanda ngazi bila kupumzika hata mara moja.

Akauliza atawatofautisha vipi. Tuandike majina ya waume? Nikakataa, waume walikuwa wanakunywa chai upande ule mwingine, hawaingii. Nambari ya nyumba? Akasema hiki si kitabu cha kodi.

"Pale Makongeni mlikuwa mnawaita nani?"

Nikamwambia, ingawa sikutaka. Mama yangu kila mtu alimwita Mama na jina la kifungua mimba wake, na kifungua mimba ni mimi. Jina langu, kwenye kitabu cha watu majasiri. Nilimwambia ushujaa wangu wote ni hizi ngazi, watu watanicheka.

"Wacha wacheke," akasema. "Mamako anaingia ama haingii?"

Akaingia.

Siku ya kuuza vitabu, baada ya ibada, sikumngoja mjukuu. Nilitafuta ule ukurasa mwenyewe, kidole kikifuata mstari, nikaliona jina langu, neno la kwanza nililojifunza kuandika maishani. Kabla yake pameandikwa Mama.

Nikiwa bado hapo akaja binti wa yule binamu, amekunja uso. Siku ile ya kuwatofautisha nilimsimulia Mwalimu kila kitu, na sasa imechapwa kwamba siku ya tatu mama yake alisinzia kitini, sweta mapajani, mpaka maneno yakaisha.

"Sasa dada, ilikuwa lazima useme alilala?"

Nikamvuta karibu nikamwonyesha jina la mama yake, lile lile la mama yangu, kwenye mstari wa chini yake.

"Alilala," nikamwambia, "lakini hakutoka."

Akasoma tena. Halafu akanunua viwili.