Miiba Kuzunguka Bwawa la Kuogelea

Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini barua ya uongo naitambua hata kabla sijaimaliza kuisoma.

Nyumba ya Miyuji nimeijenga kwa pesa za mashine ya kukamua alizeti kule Chang'ombe, miaka mingi ya kunuka mafuta. Bwawa la kuogelea lilikuwa wazo la mwanangu wa kiume, alitaka tupangishe vyumba kwa wageni. Nikamwambia chimba. Mkaguzi wa majengo akaja, akasema bwawa zuri, ila lizungushiwe uzio wenye geti la kujifunga lenyewe, watoto wasitumbukie. Au tuombe msamaha wa uzio, kama nyumbani hakuna mtoto mdogo.

Mwanangu akaleta barua. "Mama, tia sahihi hapa."

Nikasoma polepole, kidole kikifuata mstari: katika nyumba hii haishi mtoto yeyote. Mjukuu wangu wa miaka miwili, niliyeachiwa na binti yangu aliyeko masomoni, alikuwa mapajani ananivuta hereni.

"Na huyu ni nani? Paka?"

"Mama naye! Si dada atamchukua akimaliza chuo? Uzio utaharibu mandhari, wageni wanataka picha."

"Waje wapige picha msiba? Sisaini."

Kwetu Busi, kiangazi, tulichota maji kwenye mashimo tuliyochimba katika mchanga wa korongo. Ukishachota unavuta tawi la miiba, unafunika. Siku moja nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza, nikaacha shimo wazi. Asubuhi tukakuta mwanambuzi wa jirani amevimba ndani. Wanawake wakachimba shimo jipya, nami nikawekwa mbele, nachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Mama hakunipiga. Aliuliza tu, "Je, angekuwa mtoto?"

Kwa hiyo kesho yake nikakodi mkokoteni, nikaleta matawi ya migunga, nikalizungushia bwawa lote mwenyewe, na magoti yangu haya mabovu.

"Mama, umegeuza nyumba zizi!"

"Zizini kwetu hajawahi kufa ndama."

Mkaguzi aliporudi alisimama mbele ya miiba, mikono kiunoni. "Shikamoo mama. Miiba haimo kwenye kanuni."

"Marahaba. Na uongo umo?"

Akacheka, barua ambayo mwanangu alikuwa amempelekea bila sahihi yangu akamrudishia. Akasema miiba ikae kwa sasa, ila mgeni haingii mpaka uzio wa chuma usimame. Mwanangu akaenda kumtafuta fundi wa kuchomelea, amenuna, hakuniaga.

Leo geti lipo, komeo lake liko juu kuliko kichwa cha mtoto. Kila alasiri mjukuu wangu anashika nondo, anazitikisa, anapiga kelele anataka maji.

"Mama, humsikii anavyolia?" mwanangu ananiuliza.

Namsikia. Ndicho nilichokitaka, niendelee kumsikia.