Barafu Aliyoahidi Mama

Nilikuwa nikifundisha jiografia katika shule moja karibu na Kabianga. Kila mwaka nilichora ule mlima wetu mkubwa ubaoni, nikaupaka chaki nyeupe kileleni, nikawaambia wanafunzi waandike kwamba kuna barafu hapa hapa kwenye ikweta. Mimi mwenyewe nilizaliwa Boito, kwenye majani chai, na sikuwa nimevuka Nakuru. Hilo halikunisumbua hata kidogo mpaka siku Mama aliponiuliza.

"Hiyo barafu, wewe umeona na macho?"

"Nimeona kwa picha."

"Picha! Hata kalenda ya sebuleni iko na picha ya malaika."

Alicheka, lakini swali lilikuwa limemwingia. Kesho yake, akina mama wakingoja lori kwenye kituo cha kuuzia majani, aliwaambia kwamba Kenya hii kuna mlima wenye barafu na kwamba binti yake atampeleka akauone. Walimcheka. Barafu gani hiyo isiyoyeyuka na jua lote hili? Mama yangu alichuma chai mvua na jua akatusomesha sote, wala hakuwa mtu wa kuomba. Sasa alikuwa ameomba kitu kimoja, tena mbele za watu. Nilijua nisipompeleka watamcheka hadi azeeke.

Basi nikapanga safari kimwalimu, kwa ramani na rula, likizo ya Agosti. Gari lingekuwa pikapu ya Baba ya kubebea maziwa, dereva mimi, Baba na Mama kando yangu. Tungesimama juu ya ziwa la Nakuru tuwaone heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, kisha maporomoko ya Nyahururu, tulale huko, halafu alfajiri tushike barabara ya Ndaragwa. Mlima ule huamka mapema kama mkamuaji. Jua likishapanda vizuri hujifunika mawingu na huuoni tena. Ulikuwa mpango mzuri sana. Nilichosahau ni ukoo.

Kwetu huwezi kupita boma la mtu wako bila kuingia na kunywa chai. Londiani aliishi mama mdogo, dada yake Mama. Tuliingia kunywa chai tu, tukachinjiwa kuku, tukaletewa maziwa lala ya kibuyuni, mursik yenyewe nyeusi kwa mkaa, na jioni ikatukuta hapo hapo. Siku ya pili Njoro, kwa baba mdogo, ndugu yake Baba, mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu Baba akasema ng'ombe wamekamuliwa na mgeni vya kutosha, turudi. Mama alirudi Boito na kuku watatu na gunia la kabichi.

"Ile barafu ilikuwa tamu?" wakamuuliza pale kituoni. Alimwaga majani yake mezani akayachambua kimya, nami nilipolisikia hilo nilimkasirikia Baba mpaka nikapandisha sauti, jambo ambalo binti hafanyi.

"Baba, hao watu hawahami! Tungewasalimia siku nyingine!"

"Tutapita aje kwa boma ya mtu wetu na yeye ako? Akisikia gari yangu ilipita, atasema sisi tumemzika."

Hasira hasara, wanasema, lakini mimi niliifuga yangu karibu muhula mzima. Halafu Jumapili moja tukienda kanisani nikatazama nyuma ya ile pikapu. Baba alikuwa akinisimamisha tuokote jirani kila kona, kama kawaida yake, na wote walikuwa wamekaa huko wakiimba. Hakuna aliyelalamika kwamba tumempita. Ungempitaje mtu uliyembeba? Nilicheka peke yangu kwenye usukani, Mama akaniuliza kama mimi ni mzima.

Desemba niliwatumia watu wetu wa Londiani na Njoro ujumbe na dereva wa lori la kabichi: msipike, msichinje, simameni barabarani asubuhi, mmevaa sweta, na kila mtu na kikombe chake.

"Na chai?" Baba akauliza, akitafuta kosa.

"Watakuja nayo. Tutainywa njiani pamoja nao."

Alifikiri, akavua kofia, akaivaa tena. "Wewe ni mjanja sana," akasema, na kutoka hapo akawa ndiye anayeniharakisha.

Londiani tulimkuta mama mdogo kando ya barabara na thamosi mbili na kibuyu. "Mimi sijawahi kutoka hapa bila matanga ama harusi," alisema akipanda. "Leo naenda kuona tu!" Njoro tukambeba baba mdogo na mkewe. Juu ya ziwa tulikunywa chai tukitazama ukingo wa maji ulivyogeuka waridi kwa ndege.

"Hawa wote ni wa nani?" mama mdogo akauliza.

"Si wa mtu."

"Wote hawa? Na hakuna mtu anachunga?" Alisikitika kabisa.

Kwenye maporomoko, Baba, aliyekuwa amesema maji ni maji, ndiye tuliyemngoja aondoke.

Alfajiri ya Ndaragwa ilikuwa baridi, na mbele yetu palikuwa na wingu tupu. Niliendesha nikilitukana moyoni. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Mama, sikuyapata. Kisha jua likapanda kidogo, wingu likaachia kama pazia linalovutwa upande, na mlima ukawa umesimama pale, mweusi wenye meno, na katikati ya meno weupe unaong'aa.

Nilisimamisha gari. Mama alishuka akatembea mbele peke yake, mikono nyuma. Mama mdogo ndiye aliyepiga vigelegele, vile vinavyopigwa mtoto akizaliwa, na wa nyuma wakaitikia. Mimi nililia bila haya. Nilikuwa nimeshinda, na sijui furaha nyingine iliyonijaa vile.

Mama aliporudi alinishika mkono. "Sasa chora," alisema. "Sasa unafundisha kitu unajua."

Jumatatu nilimsindikiza kituoni. Walikuwa wakimngoja, vikapu chini, tayari kucheka. Aliwasalimia wote, akamwaga majani yake mezani, akaanza kuchambua.

"Haya," mmoja akasema, "barafu iko?"

"Iko," Mama akajibu bila kuinua macho. "Mkiamini iko, mkikataa iko."

Kisha yule aliyecheka zaidi mwezi wa Agosti akasogea kwangu, akanong'ona akitaka kujua ile pikapu hubeba watu wangapi.