Kuzuzuka, Neno la Dukani

Neno moja lilitugharimu fundi mmoja, mteja mmoja na amani yangu. Nimehesabu mara mbili. Hasara ni hizo tatu.

Siku yangu ya kwanza kwenye duka la vitambaa, hapa Arusha mjini, tajiri wetu, Mhindi aliyerithi duka kwa baba yake, hakunipa mkasi. Alinipa neno.

"Anayependa kitambaa atauliza bei. Aliyezuzuka atakishika tu, kama kashika mtoto mchanga. Huyo usimpunguzie."

Basi kwetu kuzuzuka likawa neno la kazi, halina tusi. Nilianza kwa kufunga mizigo, nikapanda hadi meza ya kukatia majora, yaani vitambaa vikiwa bado vizima, na hapo nikazeeka.

Barazani kwetu alishona fundi Neema, mjane. Mwalimu mmoja wa chuo cha misitu cha Olmotonyi, mjane pia, akaanza kuja kila Jumamosi kununua kitambaa cha suruali, ashonewe na Neema. Ilipofika suruali ya tisa, mwenyewe alipokwisha kuondoka, nikamnong'oneza tajiri, "Mwalimu kazuzuka."

"Kitambaa gani hicho?"

"Kitambaa hata hakitazami."

Sauti yangu haijui kunong'ona. Cherehani ikasimama.

"Kazuzuka? Kwa hiyo nimempa limbwata?"

"Hapana dada, ni lugha ya dukani."

"Ingeishia dukani! Kesho mtaa mzima utasema Neema anashonea dawa kwenye mapindo."

Hilo tajiri hakunifundisha: huko nje, mtu akizuzuka, anatafutwa aliyemzuzua. Jumatatu baraza lilikuwa tupu. Mwalimu alikuja Jumamosi tatu, akasimama pale na kitambaa chake mkononi, kisha akaacha.

Sasa mimi na Mwalimu tumestaafu wote. Kila tukikutana ananiuliza, "Mzee mwenzangu, yule fundi hujamsikia?"

Namjibu sijui. Neema anashona Sekei, hapa hapa Arusha, mlango wa pili kutoka kwa binti yangu, na hajaolewa. Nimesema sijui mara nne. Nimehesabu upya, ni tano. Nikimwelekeza, swali lake la kwanza kwa Neema litakuwa kwa nini aliondoka.

Mwisho wa mwezi Mwalimu anahamia Dodoma kwa mwanawe. Nyie mlio na akili iliyotulia, nishaurini: nianze kuungama kwa nani, kwake au kwa fundi? Nijibuni kabla ya Jumapili, maana ndiyo siku atakayopita kuniaga.