Askari wa Mzee Maige Hawaoshwi

Kabla hujacheka, ujue kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikicheka. Nimesoma jiolojia chuo kikuu, nafanya kazi ya kupima sampuli za mawe hapa Shinyanga, na tangu utotoni mtu akiniambia jambo humuuliza amejuaje. Hili sikuambiwa na mtu. Lilinitokea saa kumi alasiri, jua limejaa chumbani. Lingetokea usiku ningesema nilikuwa na usingizi, yakaisha.

Nina mchezo wangu ambao wengi hawauelewi. Nakusanya sanamu ndogo za askari wa vita vya Napoleoni, zile za zamani zilizomiminwa kwa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Nazisafisha, nazipaka rangi kwa brashi nyembamba, halafu Jumamosi mimi na rafiki zangu wawili tunazipanga mezani na kupigana vita kwa dadu na rula. Mama yangu, anayeishi Kahama upande wa Buzwagi, alikuwa akizitazama na kutikisa kichwa. "Ng'wanone," alikuwa akiniambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "nilikusomesha uje ucheze na vidoli?" Lakini ni yeye aliyenishonea vifuko vya kuwahifadhia.

Habari za mchezo huo zilimfikia mama mmoja wa Buseresere, Mama Kulwa. Baba yake, Mzee Maige, alikuwa mtunza stoo mgodini, na mhandisi mmoja mgeni alipoondoka nchini alimwachia sanduku lenye askari kumi na wanane. Sasa mzee amefariki, na bintiye hakujua awafanyie nini. Nilipofungua lile sanduku nikaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa tamaa. Walikuwa wa zamani kweli, hata mikunjo ya makoti ilionekana. Ila rangi! Mzee alikuwa amewapaka nyuso nyeusi na za kahawia, kila mmoja na sura yake: huyu ana kipara, yule ana ndevu za kidevuni, mshika bendera ana kovu kwenye nyusi na mwanya wa meno ya mbele. Makoti yote rangi ya udongo. Wafaransa gani hao?

"Wachukue," Mama Kulwa aliniambia. "Ila baba alisema wasioshwe. Wapanguswe vumbi tu."

"Kwa nini?"

"Sijui, baba. Kuna watu walikuwa wanakuja kuwaangalia."

Sikuuliza ni watu gani. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Kutoa rangi kuukuu ni kazi rahisi. Unaomba mafuta ya breki kwa fundi wa bodaboda, unamlowesha askari kwenye chupa siku mbili, kisha unamsugua kwa mswaki mkuukuu. Rangi inachubuka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimemaliza kumi na saba, wamelala juu ya gazeti, wa kijivu, hawana macho. Nilimbakiza mshika bendera, bado analowa chupani.

Ndipo mtu alipobisha hodi. Mlango ulikuwa wazi. Amevaa kofia ngumu ya mchimbaji, taulo amejifunga puani na mdomoni, mwili mzima umejaa vumbi jeupe la mwamba. "Mwadila," alinisalimia, nami nikamwitikia na kumpa kiti. Nilidhani ameleta mawe ya kupimwa. Wachimbaji hunifuata hadi nyumbani.

Hakuwa na jiwe. Aliwatazama wale kumi na saba mmoja baada ya mwingine, akasema nimebakiza mmoja. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba yeye na wenzake kumi na saba walikuwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, likatitia. Hakuna aliyetolewa. Mzee Maige aliwafahamu wote, na kwa kuwa makaburi hayakuwepo, aliwapaka askari hao sura zao ili mama zao wapate pa kuja kuwatazama. Mama yake yeye alikuwa akija kila Jumapili akitoka kanisani. Lakini tangu nianze kusugua, wale mama wengine wanataja majina ya watoto wao lakini sura haziwajii tena akilini.

Nilicheka. Niliwaza rafiki zangu wamemtuma. Nikamuuliza, kama hakutolewa, ni nani aliyekaa kwenye kiti changu?

"Sikuja kubishana, mdogo wangu," alisema. "Nimekuja kuomba. Huyo mmoja mwache."

Akashusha taulo. Kovu kwenye nyusi, upande uleule. Mwanya uleule.

Niamini, kumwacha kusingenigharimu chochote. Ningekuwa na askari kumi na saba badala ya kumi na wanane, basi. Lakini kichwa changu kilishapata jibu: mzee alimchora mtu aliye hai, na mtu huyo sasa amekuja kunichezea. Nikataka kumwonyesha. Nilimtoa mshika bendera chupani, alikuwa ameloa vya kutosha, nikamsugua mbele yake taratibu, kama mwalimu anayefanya jaribio mbele ya darasa. Nilianza na kovu.

Nilipoinua macho, kovu lake halikuwepo. Nikasugua tena, nyusi zikaenda. Unadhani niliacha? Mkono uliendelea. Nilitaka kuona, unaelewa? Nilitaka kujua kama itaendelea hadi mwisho. Yeye hakupiga kelele. Alikuwa akijipapasa usoni kwa vidole, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Mdomo ndio uliobaki.

"Wewe mama yako anakuona?" aliniuliza.

"Ananiona vizuri sana," nikamjibu.

"Haya," akasema. Nikafuta na mdomo.

Alitoka akipapasa ukuta. Vumbi lililobaki kwenye kiti nililikusanya na kulipima kazini. Ni vumbi la mwamba tu. Zaidi ya hapo kipimo hakisemi.

Niliwapaka askari wote upya kama vitabu vinavyotaka: makoti ya buluu, mikanda myeupe, nyuso za waridi. Wakapendeza. Wiki mbili baadaye nikaenda Kahama. Mama alikuwa akichambua mchele barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Unamtafuta nani?"

Nilidhani ananitania. Alinipa kigoda na maji, akaanza kunisifia mwanawe aliyesoma chuo kikuu, anayepima mawe Shinyanga. Alikumbuka siku niliyozaliwa, surua niliyougua, shati nililovaa siku ya kwanza shule. Hospitali walimpima wakasema ni mzima. Majirani anawajua wote. Ni uso wangu tu asioutambua.

Nilikimbilia Buseresere. Mama Kulwa alinionyesha bibi mmoja aliyekaa sebuleni mwake, ametazama rafu tupu walipokuwa wakipangwa askari. Bado anakuja kila Jumapili akitoka kanisani, aliniambia, ila siku hizi anauliza alikuja kumwona nani. Nikarudi nyumbani kumpaka mshika bendera upya, kovu na mwanya, usiku na mchana, nikampelekea. Bibi alimgeuzageuza mkononi. "Huyu mtoto wa nani?" akauliza, akanirudishia.

Basi nikampaka mwingine kwa sura yangu mwenyewe, nikijitazama kwenye kioo, nikampelekea Mama yangu. Alimpokea kwa mikono miwili, akalia. "Ng'wanone," alimwambia, "mbona umechelewa hivi?" Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka alipokaa.

Sasa anamweka kando ya mto wake. Anampakulia ugali kwenye kisosi. Mimi ananiita fundi, ananishukuru kwa kumletea mwanawe.

Ukipewa kitu kilichopakwa na mkono wa mwingine, kwanza uliza ni nani huja kukitazama. Usipopata jibu, kiache na uchafu wake. Elimu yako haitapungua.

Juzi nilimkuta Mama na beseni, sabuni na mswaki. Kila Jumamosi anamwogesha. Pua imeshafutika, na jicho la kushoto limeanza. Nikamwambia, tafadhali Mama, usimwoshe huyu.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kitu. "Kwani wewe, baba," akaniuliza, "mama yako hakuwahi kukuogesha?"